Simu ya Mchungaji na Mabati ya Kanisa: Hesabu za Makanisa Yetu Likasi

Katika kusanyiko moja la mji wetu wa Likasi, ambalo sitalitaja jina kwa sababu nimo ndani yake, waamini walichanga kwa miezi kumi na minne ili kununua mabati. Paa la zamani lilikuwa limeoza, na mvua ya mwezi wa 12 ilikuwa inashuka juu ya kwaya. Fedha zilifika dolari 1,840. Hatukuziweka benki, kwa kuwa konti ya benki inadai karatasi nyingi na inakula kidogo kidogo kila mwezi. Tuliziweka kwenye simu, na simu ilikuwa ya mchungaji. Laini ilikuwa imeandikishwa kwa jina lake, kwa kadi yake ya uchaguzi, na namba ya siri ilikuwa kichwani mwake peke yake.

Mchungaji yule alikuwa mtu mwaminifu, na hakuna hata mmoja wetu anayebisha hilo. Alipata ugonjwa, akapelekwa Lubumbashi, na kwa siku tisa tu akatutoka. Tulilia, tukazika, kisha mtu mmoja katika komite akauliza: zile fedha za mabati tunazitoaje?

Ilituchukua miezi mitano. Kampuni ya simu ilitaka cheti cha kifo, karatasi za urithi, na saini ya familia. Familia ya marehemu ikauliza kwa nini kanisa linadai mali iliyo kwa jina la ndugu yao. Katikati ya hayo yote walikuwako watu wa kusema pembeni, nje ya ibada, kwamba mama mjane anajua namba ya siri na ameanza kula mabati. Mwishoni fedha zilipatikana, zote, hata franka moja haikupungua. Lakini mama yule alikuwa ameshaacha kusali nasi.

Wapendwa, ninaanza na habari hii kwa sababu tukizungumza juu ya ukaguzi wa hesabu katika makanisa yetu, watu wanafikiri tunamtafuta mwizi. Kwetu mwizi hakuwako. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye saini mbili, na kwa ajili ya karatasi hiyo mwanamke aliyepika chakula cha wageni wa kanisa kwa miaka mingi aliitwa mwizi katika mji wake mwenyewe.

Jambo hili lina haraka kuliko tunavyodhani. Tangu tarehe 1 Januari 2024, nchi yetu pamoja na nchi nyingine za OHADA ziko chini ya kanuni mpya ya hesabu kwa mashirika yasiyotafuta faida. Kwa kifupi cha Kifaransa inaitwa SYCEBNL. Ilipitishwa Niamey mwezi wa 12 mwaka 2022, na kwa kuwa Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, kanuni hiyo inatufunga bila kungoja bunge la Kinshasa kupiga kura. Zamani asbl ndogo ya kijiji iliandika mapato na matumizi namna ilivyojua, au haikuandika kabisa. Sasa kuna muundo mmoja: mizania, hesabu ya mapato na matumizi ya mwaka, na maelezo yanayoonyesha vitu alivyotoa mfadhili, hata vile visivyo fedha. Kwa mashirika madogo kuna njia nyepesi, inayotegemea daftari la fedha zilizoingia na zilizotoka. Mtu aliyesoma hadi sekondari anaweza kuishika akifundishwa vizuri.

Baadhi ya wazee wanasema: sisi si asbl, sisi ni kanisa. Lakini sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile inayoongoza mashirika yasiyotafuta faida, inayataja wazi mashirika ya kidini. Ni kwa sheria hiyo jumuiya zetu zinapata utu wa kisheria na mwakilishi wao anatambuliwa na serikali. Shule zetu, vituo vya afya vyetu, na idara zetu za maendeleo zinaishi chini ya mwavuli huo. Mtu hawezi kuupokea mwavuli wakati wa kudai kiwanja kisha kuukataa siku ya kuonyesha daftari.

Hata hivyo sitaki kulizungumza jambo hili kama la sheria tu. Nimeona asbl zenye sheria za ndani nzuri, zilizopigwa chapa na kufungwa kwa plastiki, na zenye kasha tupu. Katiba inasema kuna mkutano mkuu, kuna baraza la uongozi, kuna wakaguzi. Ukiuliza wakaguzi ni nani, unaambiwa mmoja alihamia Kolwezi na wa pili ni shemeji wa mwenyekiti. Karatasi inaeleza jinsi shirika linavyopaswa kutembea, lakini linavyotembea kweli linafuata tabia ya yule anayeliongoza.

Na tabia ya uongozi hapa Likasi ina historia yake. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière, na baada yake Gécamines tangu mwaka 1967, ilikuwa baba na mama. Ilitoa nyumba, posho ya unga, shule, hospitali, hata mpira wa miguu. Mfanyakazi hakuuliza bajeti ya kampuni. Aliuliza posho itatoka siku gani. Babu zetu walilelewa hivyo Panda na Shituru, nasi makanisani tukaiga bila kujua. Kiongozi mzuri kwetu ni yule anayetoa: analipa mazishi, anamsaidia mwanafunzi, anampa nauli mgeni, na yote yanatoka mfukoni mwake. Mfuko ni mmoja. Hakuna anayejua mahali fedha za kanisa zinapoishia na zake zinapoanzia, na kuuliza ni utovu wa heshima. Nani atamwuliza baba yake amenunua unga kwa kiasi gani?

Kisha kampuni ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30,000. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na maelfu walilala stesheni ya Likasi wakingoja gari moshi. Pamoja nao waliondoka walimu, waandishi, na watunza hazina wengi wa makanisa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Walipewa fungu moja la fedha. Baadhi walitoa fungu la kumi kubwa siku ile, na makanisa kadhaa yakaanza kujenga. Kuta nyingi za wakati ule bado zinaonekana Kikula, bila paa, na majani yameota mahali pa madhabahu.

Kuta zile hazikusimama kwa wizi. Zilisimama kwa sababu hakuna aliyeuliza swali jepesi: mwaka kesho fedha hizi zitatoka wapi? Tulichukua mapato ya siku moja tukayapangia kazi ya miaka kumi.

Swali hilo limerudi. Mwezi wa pili mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, ikaongeza muda, na tangu mwezi wa 10 imeweka viwango kwa kila kampuni. Nia ilikuwa kuinua bei, na huenda ni nia nzuri. Lakini katika mji ambao mchimbaji mdogo, dereva wa lori, mama wa mgahawa, na fundi wa matairi wote wanakula kutoka madini, sadaka ya Jumapili inajua habari hiyo kabla ya redio. Tena mwaka huo huo franka ilipanda thamani haraka mbele ya dolari. Wengi walifurahi. Asbl iliyokuwa imehifadhi dolari ili kulipa walimu kwa franka iliona mfuko unapungua bila mtu kuugusa, na mtunza hazina akaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Bila daftari linaloandika kila fedha kwa aina yake, franka mbali na dolari mbali, pamoja na kiwango cha siku ile, hawezi kujitetea. (Na nani atamlipa ile noti ya dolari hamsini yenye mpasuko mdogo, ambayo mwamini aliitoa kwa moyo wote na hakuna duka mjini linaloipokea? Iandikeni nayo. Ni hasara ya kweli.)

Upande wa wafadhili, kila mmoja wetu ameona. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafunga kazi zake. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika nchi yetu. Wiki moja baada ya tangazo lile, vituo vya afya vilikuwa vinauliza nani atalipa dawa, na vijana waliokuwa na kazi katika miradi walirudi kukaa nyumbani.

Wazee wanakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza. Mwaka 1981 kanisa letu la Kristo katika Kongo, wakati ule likiitwa la Zaïre, lilianza mradi wa SANRU kwa fedha za Marekani, kusaidia maeneo ya afya vijijini. Miaka kumi baadaye, baada ya uporaji wa mwaka 1991, fedha zile zilikatwa. SANRU ilibaki jina na watu wake, ikarudi kazini fedha zilipopatikana tena, na leo ni asbl inayopokea na kusimamia fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria. Nionavyo mimi, mfadhili anaweza kuondoka kesho asubuhi, naye hataomba ruhusa. Shirika linalosimama tena ni lile ambalo mfadhili mwingine akija anaweza kufungua vitabu vyake akaelewa fedha za zamani zilifanya nini. Jina zuri la kiongozi halimtoshi mgeni, kwa kuwa hamjui.

Ndugu wa Goma na Bukavu watanisamehe nikizungumza juu ya konti za benki. Tangu miji yao ilipochukuliwa mwanzoni mwa mwaka 2025, benki za Goma zilifungwa, na makusanyiko yakabaki na simu na noti za mkononi. Kwao habari yetu ya mchungaji na laini yake ni jambo la kila siku. Ninadhani wanatupita kwa uzoefu, na ningependa waandike.

Turudi kwa kiongozi. Kuna andiko ambalo nimelisikia mara nyingi mkutano mkuu unapodai hesabu. Ni lile la kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, linalosema kwamba mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. Linasomwa, watu wanasema amina, kikao kinafungwa. Lakini isomeni sura nzima. Mfalme Yehoashi aliwaachia makuhani fedha watengeneze nyumba, na hadi mwaka wa 23 wa ufalme wake nyumba ilikuwa bado na nyufa. Hapo akawaita, akawakataza kupokea fedha wenyewe. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu mbele ya macho ya watu. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja: mmoja wa serikali, mmoja wa hekalu. Fedha zikapimwa, zikatolewa kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Ni baada ya mambo hayo yote ndipo tunasoma juu ya uaminifu wa mafundi. Imani ile ilijengwa juu ya sanduku lililotobolewa na watu wawili waliohesabu. Sisi tunataka mwisho wa habari bila mwanzo wake.

Tena angalieni nani alikuwa na kosa. Makuhani hawaitwi wezi. Walikuwa tu na kazi mbili mkononi, kupokea na kutumia, na kwa miaka mingi kazi ya pili haikufanyika. Hata mtume Paulo, alipobeba mchango wa makusanyiko kwenda kwa maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Anaeleza katika barua ya pili kwa Wakorintho kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kumlaumu. Mtume alijilinda, na kwa kujilinda aliulinda mchango.

Kwa hiyo udhibiti wa fedha hauhitaji kompyuta kwanza. Anayepokea asiwe yeye anayeandika, na anayeandika asiwe yeye anayeamua matumizi. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, palepale, kabla ya mtu kwenda kula, na wote wawili waweke saini. Mwisho wa mwezi mtu wa tatu achukue daftari, ahesabu fedha zilizomo, alinganishe. Kama daftari linasema 412,000 na kasha lina 397,000, iandikwe hivyo, bila kumfukuza mtu na bila kujaza pengo kwa mfuko wa mchungaji. Kujaza pengo kimyakimya kunaonekana kama upendo, lakini kunaficha ufa.

Upande mwingine kuna kiongozi anayejiita wa kiroho tu. Anasema, mimi fedha siziangalii, nimewaachia mashemasi. Watu wanamsifu. Mimi ninamwogopa kuliko yule mwenye funguo zote. Yule wa kwanza angalau anajua kilichomo. Huyu wa pili ameacha mlango wazi, na siku mashemasi watakapogombana atakuja kuwa hakimu wa jambo ambalo hakutaka kulijua. Kuwaachia wengine kazi ni kuzuri kama unauliza rapoti kila mwezi na unaisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Najua pingamizi lililo zito. Kusanyiko la watu sitini, lenye sadaka ya franka elfu thelathini kwa Jumapili, haliwezi kulipa mkaguzi wa hesabu wa Lubumbashi. Ni kweli, na halipaswi kumlipa. Lakini makusanyiko mawili jirani yanaweza kubadilishana wakaguzi: mzee wa huku aende kuhesabu kule, na wa kule aje huku, mara mbili kwa mwaka. Nauli ni ya pikipiki. Shida si gharama. Shida ni kwamba hatutaki jumuiya yenye namba nyingine ijue sadaka yetu ni ndogo. Tunaona aibu. Sijui dawa ya aibu hiyo, isipokuwa mmoja aanze.

Kuna sababu nyingine ya kujifunza mapema. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na migodi, na fedha hizo zinasimamiwa na chombo maalum ambamo wajumbe wa jamii wanakaa pamoja na wa kampuni. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini inakwenda kwa miji, sekta na utemi palipo migodi. Kati ya Kambove, Likasi na Fungurume fedha hizo si kidogo. Watu wa kanisa watachaguliwa kukaa katika meza zile, kwa sababu wananchi bado wanatuamini. Mtu ambaye hajawahi kuona daftari la kasha katika kanisa lake ataketi pale, ataweka saini kwenye karatasi asizozielewa, na kijiji kitangoja kisima ambacho kimeandikwa kwamba kimekwisha kuchimbwa.

Kwetu mabati yamepigwa. Laini mpya imeandikishwa kwa jina la kanisa, kwa karatasi za jumuiya. Mtunza hazina anashika simu, mwandishi anashika daftari, na namba ya siri imo pia katika bahasha iliyofungwa kwa saini tatu, ndani ya kabati la shule. Mara ya kwanza tuliposoma hesabu mbele ya kusanyiko, kijana mmoja aliuliza kwa nini misumari ilinunuliwa mara mbili. Mwenyekiti alikasirika, kisha akatafuta risiti, akaipata, akaisoma. Ilikuwa misumari ya ukubwa mbili.

Na mwezi uliopita komite ilituma wazee wawili na mama mmoja kwa mjane wa mchungaji, na barua yenye muhuri inayosema kwamba fedha zote 1,840 zilipatikana, na kwamba kanisa linaomba msamaha. Aliwapa viti, akawapa maji, akaipokea barua. Aliiweka juu ya meza bila kuifungua, akauliza kama barua hii itasomwa pia mbele ya watu, kama vile maneno yale mengine yalivyosemwa mbele ya watu. Wazee hawakuwa na jibu. Jambo hilo limewekwa katika ajenda ya kikao cha Jumamosi.